Fungu la Mwenye Nyumba

Waliokulia kwenye nyanda za chai za Kericho na Nandi hawahitaji kusimuliwa mvua ya mawe. Eneo lile ni miongoni mwa yale yanayopigwa na mvua hiyo mara nyingi zaidi duniani, na katika miaka ya 1960 na 1970 wenye mashamba walifikia hatua ya kukodi ndege zinyunyizie mawingu dawa ili mawe yasipate kukua. Kilichohofiwa ni jani. Nyumba hazikuwa kwenye hesabu. Sisi watoto tulijibanza chini ya bati, ambako hakuna aliyesikia la mwenzake, na mvua ilipokatika tulitoka kuokota barafu na kuitafuna. Bati likibonyea, limebonyea. Likifumuka msumarini, fundi alipanda na kopo la lami, akaziba, akashuka. Hasara ilihesabiwa kiwandani, kwa kilo za majani mabichi.

Maisha yalinipeleka Texas, Marekani, na baada ya miaka ya kupanga, mimi na mke wangu tukanunua nyumba kaskazini mwa jiji la Fort Worth. Nyumba za huku nyingi haziezekwi kwa mabati. Zinaezekwa kwa vigae vyembamba vya lami vilivyonyunyiziwa punje za mawe juu, na kupigiliwa misumari kwenye mbao za plaiwudi. Kwa mvua ya kawaida vigae hivyo havina neno. Shida ni msimu. Kati ya Machi na Juni hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu itokayo magharibi, mawingu hupanda juu sana, na kinachoshuka si vipande vya kutafuna. Wakazi wa zamani wa Fort Worth bado wanaitaja tarehe 5 Mei 1995, jioni ambayo mawe makubwa yaliangukia tamasha la Mayfest lililojaa watu kando ya Mto Trinity, na zaidi ya watu 100 wakajeruhiwa. Tarehe 28 Aprili 2021, katika mji wa Hondo, magharibi mwa San Antonio, liliokotwa jiwe lenye upana wa inchi 6.4, yaani zaidi ya sentimita 16, na wakati ule likaandikwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Texas. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani huhesabu dhoruba kuwa kali mawe yakifika inchi 1 tu. Yakifika inchi 2, yanatua kwa kasi ya kilomita 70 kwa saa na kuendelea.

Nimeona paa letu likipigwa, likidaiwa fidia na kuezekwa upya. Nimesimama na majirani, na watu wa jumuiya yetu ya Waafrika Mashariki, katika madai yao. Katika yote hayo nimejifunza jambo moja kubwa: sehemu kubwa ya fedha utakazolipwa imeshaamuliwa kabla wingu halijatokea. Iko kwenye karatasi uliyotumiwa siku uliyokata bima, na kila mwaka unapoihuisha. Mvua huja tu kukufunulia ulichosaini.

Kwetu ilikuwa usiku mmoja wa Aprili. Asubuhi yake, kabla sijamaliza kufagia majani ya mti wa pekani yaliyochunwa na mawe, kijana wa kwanza alishagonga mlango. Alivaa fulana yenye nembo, ana kishikwambi mkononi na ngazi juu ya pikapu. Akaniambia kwamba paa langu limeharibika vibaya, ameliona kutoka barabarani. Kutoka barabarani mimi nilikuwa naona kofia ya bomba la jikoni na njiwa wawili. Kufikia adhuhuri kitasa cha mlango kilikuwa kimevikwa vipeperushi, na mtaani yalipita magari yenye namba za Oklahoma, Missouri na hata Florida.

Watu hawa huifuata dhoruba inakokwenda. Wapo kati yao mafundi hodari na waaminifu; lakini jimbo la Texas halimdai fundi wa paa leseni ya jimbo, hivyo mwenye ngazi na kadi ya biashara anaweza kuanza kazi leo na kuhama kesho. Kijana yule alinipa fomu akisema ni ya kumruhusu akague tu. Niliisoma pale pale mlangoni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilisema kwamba bima ikikubali kulipa, kazi ni yake, kwa bei itakayolipwa na bima. Nilimshukuru, nikachukua kadi yake, nikamrudishia kalamu.

Simu ya kampuni ya bima niliipiga mwenyewe. Sheria ya Texas inaipa kampuni siku 15 za kukiri kwamba imepokea dai na kuanza kulishughulikia. Ikishapata nyaraka zote ilizoomba, ina siku 15 za kazi za kukubali au kukataa kwa maandishi. Ikikubali, ilipe ndani ya siku 5 za kazi. Maafa makubwa ya hali ya hewa yakitokea muda huongezwa, lakini haufutwi. Niliziandika tarehe hizo kwenye daftari la jikoni, pamoja na jina la kila niliyezungumza naye na alichosema. Daftari lile lilinisaidia kuliko hasira yoyote ambayo ningeweza kuipandisha kwenye simu.

Kisha nikatafuta fundi wangu. Nilimtaka mwenye ofisi ninayoweza kuifikia kwa gari, mwenye bima yake mwenyewe ya kazi, na ambaye wateja wake wa miaka ya nyuma wanapatikana. Nikampata, mzee mmoja wa Kimeksiko aliyeanza kuezeka akiwa kijana, na nikamwomba awepo siku ya ukaguzi. Hapo pana mpaka wa kuujua: katika Texas, fundi atakayeezeka paa lako haruhusiwi kukujadilia dai na kampuni ya bima. Anaweza kuonyesha uharibifu, kueleza kazi inavyofanywa na kutetea bei zake. Akikwambia “niachie mimi bima yote,” anakuahidi kitu ambacho sheria haimpi.

Mkadiriaji wa hasara alikuja na ngazi, kamera na kipande cha chaki. Alikuwa mtu mzima, mpole, magoti yakimsumbua. Hakuanzia juu. Alizunguka nyumba kwanza, akapapasa mapezi ya aluminiamu ya kiyoyozi, akatazama gata, wavu wa madirisha na kifuniko cha sanduku la barua. Kila penye kibonyeo aliweka sarafu kando yake na kupiga picha. “Vigae hudanganya,” aliniambia. “Bati laini halidanganyi.”

Juu ya paa alichora mraba kwa chaki, futi 10 kwa kila upande, akafanya hivyo kwenye kila mteremko wa paa. Ndani ya mraba alizungushia duara kila jeraha, kisha akahesabu. Aliniita ngazini, akanielekeza niweke kidole ndani ya duara moja na kubonyeza. Palikuwa pamelegea kama parachichi lililoanguka. Punje zilikuwa zimetoka, weusi wa lami unang’aa, na nyuzi za kioo zinazokishikilia kigae zilikuwa zimekatika kwa ndani. Akanionyesha na yasiyo majeraha: malengelenge yanayoletwa na jua, mikwaruzo ya viatu vya fundi wa antena. Alisema wapo wanaopanda usiku na nyundo wakajitengenezea majeraha, na kwamba nyundo hujulikana kwa kuwa hupiga kwa mpangilio, ilhali mawe hayana mpangilio.

Jeraha lile halivuji leo. Ndiyo maana wengi hutazama dari, wakaiona kavu, wakaendelea na shughuli zao. Jua la Texas huichoma lami iliyobaki wazi, kigae hupasuka, na baada ya miaka michache dari ya chumba cha watoto ina doa la rangi ya chai. Ukipiga simu wakati huo unajibiwa kwamba hati yako ya bima inataka dai la mvua ya mawe liletwe ndani ya mwaka mmoja. Hati nyingi za Texas zina sharti hilo. Mawe yakipita inchi 1, hata kama nyumba ni kavu, mpandishe mtu mwaminifu akatazame, na uweke picha zenye tarehe.

Mteremko wa kusini na wa magharibi ulikubaliwa siku ile ile. Wa kaskazini ulikataliwa: majeraha ndani ya mraba hayakufikia kiwango cha kampuni. Fundi wangu hakubishana. Alisubiri mkadiriaji amalize kuandika, kisha akamwomba atazame alipochora ule mraba. Ulikuwa chini ya tawi kubwa la mpekani, lililoukinga mteremko ule kama mwavuli. Hatua chache pembeni vigae vilikuwa vimechakazwa. Mkadiriaji alikuwa ameshafunga begi, na akasema tuombe ukaguzi wa pili. Tukaomba kwa maandishi, tukaambatisha picha za tawi na za majeraha ya pembeni. Akaja mwingine, akachora mraba mahali pa wazi, na paa zima likakubaliwa. Ukaguzi wa pili ni ombi la kawaida kabisa, na anayeuomba kwa picha na adabu huupata upesi kuliko anayeuomba kwa vitisho.

Hadi hapo tulikuwa tumeshinda jambo moja tu: kwamba paa limeharibika. Sasa ikaja hesabu, na hesabu ndiyo iliyowatoa jasho watu wengi niliowaona.

Tuchukue namba nyepesi. Nyumba imekatiwa bima ya dola 300,000. Ukurasa wa kwanza wa hati unasema kwamba fungu la mwenye nyumba katika kila hasara, yaani kiasi anachobeba mwenyewe kabla bima haijatoa chochote, ni dola 1,000. Wengi husoma hapo wakafunga bahasha. Mstari wa chini yake unasema: upepo na mvua ya mawe, asilimia 2. Watu hudhani ni asilimia 2 ya hasara. Ni asilimia 2 ya thamani ya nyumba nzima iliyokatiwa bima, yaani dola 6,000. Ile dola 1,000 ni ya mambo kama moto au bomba lililopasuka.

Endelea. Kuezeka upya kunagharimu dola 18,000. Paa si jipya, na kampuni inakadiria kwamba limeshachakaa kwa asilimia 40, ambazo ni dola 7,200. Hundi ya kwanza inakuja hivi: 18,000 toa uchakavu 7,200, toa fungu la mwenye nyumba 6,000. Zinabaki 4,800. Nimeona wanaume wazima wakiikunja hundi hiyo na kuitia mfukoni kwa uchungu, wakiamini wameibiwa.

Kinachofuata kinategemea aina ya hati. Kama ni ile inayolipa gharama ya kurudishia kipya, zile 7,200 za uchakavu zimeshikiliwa tu. Kazi ikikamilika, ukapeleka ankara ya fundi na uthibitisho wa malipo ndani ya muda uliotajwa, unaletewa hundi ya pili. Bima imetoa 12,000, wewe 6,000. Lakini kama hati inalipa thamani ya sasa, uchakavu haurudi. Ile 4,800 ndiyo mwanzo na mwisho, na wewe unatafuta 13,200. Nyumba ileile, mawe yaleyale, na 7,200 zimekwenda kwa sababu ya maneno machache kwenye karatasi. Zipo pia kampuni ambazo paa likishafika umri fulani huligeuza lilipwe kwa thamani ya sasa, na taarifa yake huja ndani ya bahasha ya kuhuisha bima, ile tunayoiweka juu ya friji tukisema tutaisoma Jumapili.

Hundi yetu ya kwanza ilikuja na majina matatu: langu, la mke wangu, na la benki iliyotukopesha fedha za nyumba. Bila saini ya benki, hundi haibadiliki kuwa fedha. Kwa kiasi kidogo benki husaini na kuirudisha. Kwa kiasi kikubwa huweza kuzishika fedha na kuzitoa kwa awamu, ikituma mtu kukagua kazi. Fundi naye anataka kununua vigae. Ukimweleza mapema kwamba benki imo ndani, mtapatana malipo ya awali ya kadiri, na mengine kazi ikisonga. Anayekutaka ulipe yote kabla hajashusha kigae hata kimoja, mwache aende zake.

Pamoja na hundi kulikuwa na orodha ndefu ya kazi na bei. Kampuni nyingi huiandaa kwa programu moja inayotumika nchi nzima, yenye bei za kila eneo, na hupima paa kwa skwea, ambayo ni futi za mraba 100. Mimi na fundi tuliketi mezani na orodha hiyo na ya kwake, mstari kwa mstari. Idadi ya skwea ililingana. Lakini mkadiriaji alikuwa ameacha ukanda wa bati wa ukingoni, unaodaiwa na kanuni za ujenzi. Vigae maalumu vya kileleni alivihesabu kama vya kawaida. Na bati la kuzibia maungio ya paa na ukuta wa dohani hakulitaja kabisa. Hakuna kati ya hayo lililokuwa hila. Mtu anayekagua nyumba nyingi kwa siku baada ya dhoruba huruka vitu. Fundi aliandika nyongeza, kila mstari na picha yake, kampuni ikalipa karibu zote. Nyingine hazikulipwa kwa sababu hati yetu haikuwa na kipengele cha gharama zinazoletwa na kanuni mpya za ujenzi, kipengele ambacho huongezwa kwa ada ndogo kwa mwaka. Sasa tunacho.

Katika msimu uleule, mama mmoja Mkongo tunayesali naye alinipigia simu. Alifika Texas kama mkimbizi akitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akafanya kazi kwenye maghala zamu za usiku, na kwa fedha hizo yeye na wanawe wakanunua nyumba. “Papa, uje unisomee hii karatasi,” alisema. “Huyu mtu anasema paa ni la bure.”

Mtu mwenyewe alikuwa sebuleni nilipofika, soda mkononi. Alieleza kwa ukunjufu: mama hatatoa hata senti moja, yeye “atalimaliza” fungu la mwenye nyumba. Nikamwuliza atalimalizaje. Akasema ataandika ankara iwe juu kidogo, bima italipa, na kila mtu atafurahi. Nilimtafsiria mama neno kwa neno, bila kuongeza changu. Alinyamaza, kisha akauliza: “Kwa hiyo yeye ataandika uongo, na jina la chini litakuwa langu?”

Ndivyo ilivyo, na Texas imeliandika katika sheria. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 ni kosa la jinai kwa fundi kuahidi kumsamehe au kumlipia mteja fungu lake katika kazi inayolipwa na bima ya nyumba. Kampuni ya bima nayo ina haki ya kudai uthibitisho kwamba umelilipa, kwa nakala ya hundi, taarifa ya kadi, au mkataba wa kulipa kwa awamu, kabla ya kukuachilia fedha za uchakavu zilizoshikiliwa. Hiyo ya awamu huwafaa wengi na haitangazwi na wagonga milango. Fundi mwaminifu atakukubalia ulipe fungu lako kidogo kidogo, kwa maandishi. “Paa la bure” maana yake ni ankara ya uongo, au paa lililoezekwa kwa vigae pungufu ili fedha zitoshe. Na mara nyingi yote mawili.

Mama yule alimsindikiza mgeni wake hadi mlangoni kwa heshima zote. Lakini tulipoifungua hati yake tukakuta lililo gumu zaidi: ilikuwa ya thamani ya sasa. Aliyemuuzia nyumba alimwelekeza kwa wakala wa bima, wakala akampa ya bei rahisi kuliko zote, naye akaipokea kwa kuwa benki ilitaka tu ione karatasi ya bima. Paa lake lilikuwa la zamani. Baada ya kutoa uchakavu na fungu lake, alipewa kiasi kilichotosha kuezeka mteremko mmoja tu, ule uliokuwa umeumia zaidi. Fundi aliufanya vizuri, akafunika pengine kwa viraka vya heshima, na mama akaanza kuweka akiba ya upande uliobaki. Hakuna aliyemwibia. Kila senti ilikwenda kama ilivyoandikwa, na sijaona dai lililonifundisha zaidi ya hilo.

Jumuiya yetu ina chama cha kusaidiana, kama vilivyo vyama vingi vya watu wa kwetu ughaibuni: kusafirisha maiti, kuchangia mgonjwa, kumpokea mgeni. Baada ya msimu ule tuliongeza shughuli moja. Mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Machi, wenye nyumba wanakuja na hati zao, tunazifungua mezani pamoja na chapati na chai, na kila mmoja anajibu maswali matatu. Fungu lako kwa mvua ya mawe ni dola ngapi, baada ya kupiga hesabu? Paa lako litalipwa kama jipya au kwa thamani ya sasa, na hilo linabadilika likifika umri gani? Una muda gani wa kudai, na wa kukamilisha kazi? Asiyeweza kujibu anampigia wakala wake pale pale, simu ikiwa mezani, na kumwomba amtumie jibu kwa maandishi.

Mikutano hiyo ndiyo iliyotuonyesha kitu ambacho mtu mmoja mmoja hakioni. Asilimia haikui, lakini fungu linakua. Gharama za ujenzi zilipopanda baada ya mwaka 2020, kampuni ziliongeza thamani ya bima ya nyumba mwaka hadi mwaka. Mwenzetu mmoja alianza na nyumba ya dola 220,000. Asilimia 2 yake ilikuwa 4,400. Hati yake ya karibuni inasema 340,000, na fungu lake sasa ni 6,800. Hakubadilisha chochote wala hakuombwa saini mpya. Ada nayo ilipanda. Kampuni zina sababu zao: mwaka 2023 pekee, dhoruba za radi zenye mawe, upepo na vimbunga vya nchi kavu zilizigharimu kampuni za bima Marekani zaidi ya dola bilioni 50. Lakini sababu ya kampuni haikuondolei wewe mzigo. Kidogo kidogo bima ya paa inageuka kuwa ya balaa kubwa tu, na mapigo ya wastani yanarudi mfukoni mwa mwenye nyumba. Kwa hiyo tulifungua kasha la akiba ndani ya chama. Kila mwenye nyumba anaweka kila mwezi hadi afikishe fungu lake, na fedha hizo haziguswi kwa harusi wala tiketi ya ndege.

Kwenye mikutano hiyo hakukosi anayeuliza: kwa nini tusiezeke mabati kama nyumbani, tupumzike? Swali hilo nililiuliza mimi pia wakati wetu wa kuezeka. Bati zuri hustahimili mawe, na kampuni nyingi za Texas hupunguza ada kwa paa lililofaulu jaribio la kiwango cha 4, ambapo mpira wa chuma wenye upana wa inchi 2 huangushwa mara mbili mahali pamoja kutoka urefu wa futi 20, na paa lisipasuke. Tatizo ni karatasi inayokuja na punguzo. Kampuni huweza kukutaka ukubali kwamba bati likibonyea bila kutoboka, hilo ni suala la sura tu na halilipwi. Kwa mtu wa Kericho, bati lililobonyea ambalo halivuji ni bati zima. Kwa anayetaka kuuza nyumba Texas, ni paa lililojaa vibonyeo na hakuna wa kulilipia. Sisi tulichukua vigae vya lami vilivyofaulu jaribio lilelile, vya bei ya juu kidogo, fundi akatusainia fomu ya Idara ya Bima ya Texas inayothibitisha aina ya paa, na punguzo likaanza kuonekana kwenye ada. Mwingine angechagua bati, na hangekuwa amekosea, mradi ameisoma ile karatasi.

Wapo ambao madai yao hukwama hata baada ya kufanya yote. Idara ya Bima hupokea malalamiko bila malipo, na kampuni hulazimika kuyajibu. Hati nyingi zina kipengele kinachoruhusu kila upande kuteua mthamini wake, na wathamini hao wakishindwa kupatana, wanamchagua mwamuzi wa tatu. Yupo pia mkadiriaji anayemwakilisha mwenye nyumba, mwenye leseni ya jimbo, ambaye kwa sheria ya Texas hawezi kutoza zaidi ya asilimia 10 ya fidia. Kwa dai la paa dogo asilimia hiyo huuma. Kwa nyumba iliyoharibika paa, madirisha na dari, huweza kujilipa. Lakini hakuna kati ya hao awezaye kukupatia kilichofutwa kwenye hati yako. Wanaweza kukusaidia tu kupata ulichoahidiwa.

Juzi kijana wa jumuiya yetu, mwenye familia changa, alikuja kunieleza kwa furaha kwamba wameipata nyumba, na kwamba mkewe ameshachagua rangi ya jikoni. Nilimpongeza, nikamwuliza paa lina umri gani na bima anayopewa italilipaje. Akacheka, “Mzee, wewe nawe!” Kisha akaona sikucheka, akampigia wakala. Ilikuwa ya thamani ya sasa, fungu asilimia 2. Kwa nyongeza ya ada ambayo aliiona ni ndogo alipoigawa kwa miezi 12, akabadilishiwa iwe ya kurudishia kipya, fungu asilimia 1. Ilichukua simu moja, kwa kuwa alikuwa bado hajasaini. Swali hilohilo likiulizwa baada ya mvua, huitwa lalamiko.